Wewe Soma Mbele, Mimi Nachana Nyuma

Mwezi uliopita, hapa Tunduma, ilibaki pumzi moja tu nimtumbukize fundi wa marumaru ndani ya karai lake la saruji, nimkoroge, nimwache agande. Mimi ni mtu wa vicheko, ndugu yangu, wanaonijua watakuambia nacheka mpaka malori ya kwenda Zambia yanapunguza mwendo. Lakini siku ile hasira iliyonipanda ingeivisha maharage ya harusi nzima bila kuni.

Ukoo ulikuwa umeamua kumjengea bibi kaburi. Bibi mzaa mama, aliyenilea kule Vwawa, amelala chini ya tuta la udongo miaka yote hii. Mjomba, mwanawe wa pekee wa kiume, akasema sasa inatosha, tuweke saruji, na kichwani tusimamishe jiwe lenye picha yake. Tukaenda kwa fundi. Fundi akaomba picha ya marehemu. Tukamwambia hakuna, bibi hakuwahi kupigwa picha hata moja. Mpiga picha alikuwa akija kanisani siku za sikukuu, na siku za sikukuu bibi hakuwa kanisani ila asubuhi na mapema, maana baadaye wasafiri walikuwa wengi na karanga zake za barabarani hazijiuzi.

"Hamna shida, dada," fundi akasema. Akatoa simu, akatelezesha kidole mara mbili tatu, akanionyesha bibi kizee mmoja mwenye kilemba, anatabasamu. "Huyu hapa. Mweupe kidogo, ila nitamkoleza."

"Huyu ni nani?"

"Bibi tu. Wa mtandaoni."

"Wa mtandaoni ana kwao. Wa kwetu je?"

"Sista, mabibi wote wanafanana. Ukishaweka jina chini, nani atabisha?"

Nikamgeukia mjomba nikidhani nitapata jeshi. Mjomba anaitazama simu, anaivuta karibu, anaisogeza mbali. "Lakini kilemba anacho," akasema. "Na mama alikuwa na kilemba."

"Mjomba! Unataka mama yako asimamiwe kichwani na bibi wa watu mpaka siku ya ufufuo? Akifufuka atamkuta mwenziwe kashika nafasi!"

Fundi akacheka. Mjomba hakucheka. Akasema kwa ile sauti yake ya kufunga vikao: "Basi chora wewe. Si wewe ndiye mchoraji? Si ulisoma vile vitabu vya karanga? Saruji inamwagwa Jumamosi ya wiki ijayo. Ukileta uso wa mama, tutaweka wako. Usipoleta, tunaweka wa fundi."

Nikafunga mdomo. Na mimi kufunga mdomo ni habari ya kutangazwa redioni.

Nikueleze kwa nini. Ukipita Tunduma ukaona kibao cha saluni kimechorwa kichwa chenye misuko mizuri, na kichwa chenyewe kimekupa kisogo, jua hiyo ni kazi yangu. Wateja wanadhani ni mtindo. Wanasema, yule dada anajua kuonyesha nywele. Nywele gani! Nachora kisogo kwa sababu sijui kuchora uso. Naweza kukuchorea birika ukataka kumimina chai. Naweza kukuchorea jogoo ukaamka. Uso siuwezi, na mkosaji ni karanga.

Bibi alikuwa na meza yake kando ya barabara kuu, pale kosta zilipokuwa zikisimama kushusha watu wa ofisini na watu wa sokoni. Meza ya miguu mitatu na jiwe. Alikaanga karanga alfajiri kwenye karai kubwa, kwa mchanga na chumvi, na harufu ile ilitoka Vwawa ikafika Mlowo kabla ya basi la kwanza. Karanga alizifunga kwenye karatasi aliyoikunja ikawa kama pembe ya mbuzi, akaiminya ncha kwa kidole gumba, akajaza, akakunja mdomo. Mwenyewe aliita pembe. "Pembe mbili! Pembe za moto!" Mimi kazi yangu ilikuwa kukaa nyuma yake kwenye kigoda, nachambua karanga mbovu na kupepeta maganda. Mbele yake barabara, nyuma yake mimi. Kwa hiyo kitu nilichokitazama kuliko kitu chochote duniani, kuliko ubao wa darasani, kuliko kioo, ni mgongo wa bibi yangu.

Karatasi alizifuata Tunduma. Alikuwapo mama mmoja kutoka ng'ambo, Mzambia, aliyeuza vitabu vya Kizungu vilivyochoka, amevifunga kwa kamba kama kuni. Bibi hakujua kusoma, alichagua kitabu kwa unene na kwa ulaini. Kigumu kinapasuka pembe, kilaini mno kinalowa mafuta. Siku moja nilimsindikiza, akachagua mafungu mawili, na yule mama alipopokea chake akainamisha kichwa akasema, "Natotela, mama. Natotela." Baadaye niliambiwa ni asante kwa Kibemba. Wakati ule sikujua, na kutojua kwenyewe kulinipa kazi, kama utakavyoona.

Ndani ya fungu moja kilikuwamo kitabu cha kufundisha kuchora kwa kalamu na wino. Sijapata kuona kitu kama kile. Hakikuwa na rangi hata moja. Nyeusi na nyeupe tupu, mistari tu, na kutoka kwenye mistari ile anatokea mti, inatokea nyumba, linatokea yai limekaa mezani na kivuli chake. Niliwaza, huyu mtu ana masizi tu kama sisi, amewezaje kutoa mwanga kwenye masizi?

Nilimwomba bibi asikichane. Bibi akanitazama. Alikuwa akiniita mke mwenza, kwa utani wetu wa bibi na mjukuu.

"Mke mwenzangu, watu watakula karanga kwa mikono?"

"Chana vingine kwanza."

"Vingine vimelowa. Hiki ndicho kikavu." Akakipima mkononi, akaona uso wangu unavyoanza kuharibika, akasema: "Haya. Wewe soma mbele, mimi nachana nyuma. Tutakutana."

Mkataba ukawa huo. Kila asubuhi bibi anang'oa kurasa kutoka mwisho, mimi nakimbizana na kurasa kutoka mwanzo. Hakuna mwanafunzi aliyesoma kwa kasi ile tangu dunia iumbwe. Abiria wakiwa wengi, kitabu kinaliwa. Mvua ikinyesha, kosta zikipungua, nasoma kwa raha. Niliomba mvua kama mkulima wa kahawa.

Shida ilikuwa Kiingereza. Shuleni tulikuwa bado kwenye siku za wiki. Nikakipeleka kwa jirani, karani mstaafu wa mizani ya kahawa, mzee wa kola safi aliyekuwa na kamusi iliyovikwa karatasi ya mfuko wa saruji. Jirani hakukubali hata siku moja kuwa kuna kitu hakijui. Akavaa miwani, akatafuta neno lililoandikwa kwa herufi kubwa juu ya somo la pili, akasoma, akaguna.

"Kutotoa," akasema.

"Kutotoa nini, babu?"

"Vifaranga. Kamusi inasema kutotoa vifaranga. Hili ni somo la kutotoa."

Tukatazama ukurasa. Hakuna kuku. Kuna mistari myembamba imelala pamoja, mingi, na pale ilipobanana pakawa kivuli. Mtu mwingine angesema kamusi imekosea. Jirani alikunja miguu akafafanua: "Ona. Mistari inalala karibu karibu kama kuku juu ya mayai. Ikibanana, joto linapanda. Joto likipanda, giza linatotoka." Mimi nikaruka. Yule Mzambia si alituambia? Natotela! Alikuwa anatutajia somo! Nikaamini kitabu kile kimetumwa kwangu kwa njia ya Nakonde, ng'ambo ya mpaka.

Basi nikatotoa. Jirani alisoma pia kuwa wino unaotakiwa ni wa Kihindi. Bibi akauliza kama Wahindi wana wino wao peke yao, akaambiwa ndiyo, akasema basi na sisi tutakuwa na wa Kinyiha. Tukakwangua masizi chini ya karai, tukakoroga na maji ya moto na utomvu wa mti kidogo usichuruzike. Kalamu nilichonga tete la bondeni. Nilitotoa kwenye maboksi, kwenye magunia ya karatasi, kwenye ukuta wa choo cha jirani, mpaka masizi ya karai yakaisha na bibi akalalamika kuwa karai limekuwa jipya, halijui tena kukaanga.

Somo la tatu lilikuwa la mistari inayokatana. Jirani akasoma maneno mawili, akavua miwani, akashusha sauti. "Hili ni kutotoa msalaba." Alivyolisema, nikaona si jambo la mchezo. Sisi ni watu wa kanisa. Nikaamua mwenyewe, bila kuulizwa na mtu, kwamba kutotoa msalaba ni kwa Jumapili tu. Usicheke. Kwa mwaka mzima nilichora vivuli vyepesi Jumatatu hadi Jumamosi, na vivuli vizito nikavingoja mpaka tutoke ibadani. Ukiangalia maboksi yale ungejua siku niliyochora kila kitu. Mwaka juzi, kwenye masomo yangu ya jioni ya watu wazima, ndipo mwalimu wa Kiingereza alipotuambia kuwa neno lile, hatching, lina maana mbili, na moja haina kuku, ni kuchora kivuli kwa mistari tu. Darasa zima lilicheka, nami nikacheka kuwashinda wote. Kisha nilikasirika njia nzima ya kurudi nyumbani. Nilikuwa namkasirikia nani? Jirani alikwisha kufa. Vivuli vyangu vilikuwa sahihi. Lakini nilihisi kama mtu ameingia kwangu akahamisha samani.

Sasa nifike kwenye karanga zenyewe.

Siku moja ya mwezi wa saba, vumbi na baridi, kosta imesimama, abiria mmoja dirishani amemaliza pembe yake. Akaikunjua karatasi kulamba chumvi. Na kutoka kwenye karatasi ile jicho likanitazama. Jicho la mtu, ndugu yangu, kope moja moja, na ndani yake kidoti cheupe kilichoachwa bila wino, kinang'aa. Pembeni, nusu ya pua. Nikarukia kosta ile, nayo ikaondoka. Nilikimbia nayo nikipiga bati, na kama miguu isingekuwa mifupi ningefika Mbeya. Abiria akadhani namdai, akaitupa karatasi upande wa pili, lori likapita juu yake.

Hapo ndipo nilipoelewa. Kitabu kile, kama vyote vya aina yake, kilianza na rahisi kikaishia na gumu. Yai mwanzo, uso mwisho. Na mwisho ndiko bibi alikokuwa akichana. Nyuso zote zilikuwa zimekwisha kwenda Mbeya, Iringa na Lusaka, zimejaa mafuta na chumvi.

Nikarudi mezani nikapiga kelele mbele ya wateja. "Umeuza nyuso za watu! Umeuza nyuso zote!"

Bibi hakunipiga. Mtu mwingine angenipiga. Alimaliza kuhudumia, akageuka kwenye kigoda chake, jambo ambalo hakulifanya wakati wa biashara, akaniangalia.

"Nilichana kule usikofika, mke mwenzangu."

"Nilikuwa nafika!"

"Haya. Uso huu hapa," akasema, akajigusa shavu kwa kidole chenye majivu. "Unautafuta wa kwenye karatasi wa nini?"

Nikamwambia sitaki. Nikamwambia wake haukuwa kitabuni.

Jumapili iliyofuata tulipotoka ibadani, bibi hakwenda mezani. Hilo peke yake lingetosha kunishtua. Alivaa kitenge chake cha sikukuu, akafunga kilemba upya, akachukua kigoda akakiweka uani penye mwanga, akakaa. Akanielekea. Mikono magotini, kama mtu anayesubiri jina lake liitwe. Hakusema chora. Jumapili hiyo, siku ya kutotoa msalaba, wino upo, tete limechongwa.

Nilichukua boksi, nikakaa mbele yake, nikachora birika.

Birika lililokuwa jikoni nyuma yake. Nililichora kwa makusudi, taratibu, kila mkwaruzo na mdomo wake uliopinda, ili ajue. Alikaa muda wa kuchemsha maji mara mbili. Kisha akanyanyuka, akaja kutazama, akasema, "Birika zuri hili. Umelipatia na shimo lake." Akaenda kubadili nguo, akaenda mezani.

Hatukurudia. Niliendelea kununa kama nalipwa. Kurasa zikaendelea kwisha, zangu mbele, zake nyuma, mpaka siku moja ikabaki karatasi moja tu katikati, imeshikwa na uzi. Bibi akaing'oa, akanipa kwa mikono miwili. "Tumekutana," akasema. Lilikuwa somo la mikunjo ya nguo: mwanamke amejifunika shuka, ametazama kule. Msimu wa kahawa uliofuata bibi aliumwa kifua, akapelekwa hospitali, akarudishwa amefunikwa. Mimi nilikuwa na miaka kumi na miwili na karatasi moja.

Sasa unaelewa kwa nini nilinyamaza kwa fundi. Nilirudi nyumbani nikakaa na wino wa dukani na karatasi nzuri, siku tatu nikajaribu uso wa bibi. Nakumbuka kidole chenye majivu shavuni. Shavu lenyewe silikumbuka. Kila uso niliochora ulitoka wa mtu mwingine, mmoja ulitoka mjomba kabisa, na masharubu. Nilichana zote. Nilichana kwa hasira, na katikati ya kuchana nikajisikia mikono yangu ikikunja karatasi ile pembe.

Siku ya nne, Jumanne, nikaacha kumtafuta mbele. Nikakaa kwenye kigoda changu cha zamani, kichwani mwangu, nikachora ninachokijua. Fundo la kilemba, lile lililokaa upande wa kushoto kwa sababu mkono wa kulia ulikuwa na karanga. Mstari wa jasho katikati ya gauni. Bega moja juu kuliko lingine kwa kujipinda kuelekea barabarani. Kiwiko kinachojitokeza anapominya ncha ya pembe. Mikunjo ilikuja yenyewe, ndilo somo la ile karatasi ya mwisho, tulipokutana. Kivuli cha shingoni nikakitotoa msalaba, Jumanne, Mungu anisamehe.

Fundi aliitazama, akaigeuza nyuma, akatazama na upande usio na kitu. "Sista, huyu mbona katupa kisogo?"

"Mchonge hivyo hivyo."

Mjomba ndiye aliyefoka. "Nilikuambia uso! Watu watasema mama ametususa! Kaburini kwake mwenyewe anatupa kisogo?"

Nami nikafoka. Nilifoka yote, mbele ya mawe ya watu na wateja wa fundi. Nikamwambia mjomba yeye aliondoka kwenda kusoma, hakuuona uso ule kwa miaka, ndiyo maana leo bibi wa simu anamtosha. Nikamwambia mimi nilikaa nyuma ya huyu mama siku zote alizonilisha na hiki ndicho alichoniachia. Nikamwambia alinipa uso wake Jumapili moja na mimi nikachora birika. Hilo la mwisho sikuwa nimewahi kumwambia mtu.

Mjomba akakaa juu ya jiwe lisilo na jina. Akaichukua karatasi, akaipeleka mbali, akaivuta karibu. "Hili bega," akasema. "Hili bega ni lake." Kisha akamwambia fundi, "Chonga."

Meza ile ya barabarani haipo. Barabara imepanuliwa, pale alipokuwa akikaa ni mtaro. Karanga siku hizi zinauzwa kwenye vifuko vya nailoni, unaziona zote, hakuna cha kukunjua wala cha kusoma. Mtoto wa leo akitaka kujua kuchora jicho, anabonyeza tu, linakuja. Naye akishaona, anabonyeza lingine.

Jumamosi saruji ilimwagwa, jiwe likasimama. Ukoo ulikuja, wanakwaya walikuja, majirani walikuja. Na kila mmoja alifanya jambo lile lile. Alifika, akasimama mbele ya jiwe, akamwona bibi ametazama kule, kisha bila kuambiwa akazunguka kwenda upande wa pili kumwona. Upande wa pili ni saruji tupu, fundi hakuipiga hata msasa. Mama mdogo alizunguka mara mbili. Watoto walifanya mchezo. Nilikuwa nimesimama pembeni nikiwakasirikia wote: fundi na simu yake, mjomba, yule abiria wa kosta, na mtoto mmoja mwenye boksi mapajani na pua juu.

Walipokwenda kula, nikabaki peke yangu. Mimi niliyechora, niliyejua kuliko wote kwamba nyuma ya jiwe lile hakuna kitu, nilitazama kulia, nikatazama kushoto, nikazunguka.